Kuchonga poti za silinda hedi nyumbani: pa kugusa na pa kuacha

Kabla ya kushika tupa, piga hesabu moja. Valvu ya kuingiza yenye kipenyo cha mm 36 ina eneo la mm za mraba 1,018 hivi. Ikifunguka, hewa hupita kwenye mwanya unaoizunguka pande zote, na ukubwa wa mwanya huo ni mzingo wa valvu mara kimo ilichoinuka. Ikiinuka mm 9, yaani robo ya kipenyo chake, mwanya unakuwa umelingana na eneo la valvu nzima. Chini ya kimo hicho kinachobana hewa ni siti (kikalio ambapo valvu hufunga), pembe zake na ukuta ulio mara tu chini yake. Kwa hiyo anayepanua mdomo wa poti, yaani njia ya hewa ndani ya hedi, upande wa manifoldi (bomba linaloigawia kila silinda hewa) na kuacha ukingo mkali chini ya siti huambulia injini nzito kwenye mizunguko ya chini, na juu hapati cha maana.

Karibu faida yote ya kuchonga kwa mkono imo ndani ya mm 25 za mwisho kabla ya siti: kooni (ufinyu ulio chini ya siti), kwenye kona ya ndani ya poti na kuzunguka valvu gaidi, bomba fupi linaloongoza shina la valvu. Kwingineko kazi yako ni kusafisha tu. Tundu likizidi ukubwa, mwendo wa hewa hupungua, na mwendo ndio unaojaza silinda injini inapozunguka polepole.

Hedi ya kuchonga na hedi ya kuacha

Hedi za petroli za zamani zenye valvu mbili kwa silinda hulipa zaidi, maana kiwandani siti ilikatwa kwa mashine na poti ikabaki ilivyotoka kwenye kalibu, na pale zinapokutana pana ngazi unayoweza kuihisi kwa ukucha. Hedi za kisasa zenye valvu nne mara nyingi zimetoka kiwandani zikiwa safi. Humo utaondoa mishono ya kalibu na ngazi ndogo ya kooni, basi. Poti za kuingiza za dizeli usiziguse. Nyingi zimepindwa makusudi ili hewa iingie ikizunguka na kuchanganyika na mafuta, na ukizinyoosha unaharibu uchomaji.

Hedi iliyopasuka kati ya siti mbili, au iliyoliwa na kutu kwenye njia za maji, haistahili saa zako. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa mshazari, ujaribu kupitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya mm 0.05. Ikipita, angalia kitabu cha injini kinaruhusu kiasi gani kabla ya kuamua kuisawazisha. Kisha inua kila valvu mm 10 kutoka kwenye siti uitikise kushoto na kulia. Ikicheza waziwazi, valvu gaidi zibadilishwe kwanza, kwa sababu kikata siti hujielekeza kwa kufuata gaidi hiyo. Ikiwa imelika, siti itakatwa upande na valvu haitaziba.

Ukiweza kupata hedi mbovu ya aina ileile, inunue kama chuma chakavu. Ikate kwa msumeno wa chuma katikati ya poti moja ya kuingiza na moja ya kutolea moshi, upime unene wa ukuta kati ya poti na njia ya maji kila sehemu. Hakuna mchoro utakaokuonyesha vizuri kuliko hapo mahali ambapo pana mm 6 za kuchezea na mahali ambapo pana mm 3 na hupaswi hata kupakaribia. Hedi hiyohiyo ndiyo ya kujifunzia mkono.

Vifaa

Tupa za kawaida zinafanya kazi kwenye alumini: tupa duara, tupa nusu duara, na tupa ndogo zilizopinda ncha kwa ajili ya kona. Kwenye chuma cha kusubu mkono mtupu utachoka kabla ya poti ya pili. Daigrainda, mashine ndogo ya mkono inayozungusha tupa kwa kasi, ya umeme au ya upepo, inarahisisha sana. Drili ya mkono yenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika inatosha pia, ila ni ya polepole, na kwa mtu anayeanza upole huo ni faida.

Tupa za kuzunguka ziwe za kabaidi, shina la mm 6, kichwa cha mm 10 hadi 12. Mbili zinatosha: yenye umbo la yai kwa koo na kona, na ya silinda yenye ncha ya mviringo kwa kuta zilizonyooka. Kwa alumini chukua yenye meno machache na mapana. Yenye meno madogo ya kukatizana ni ya chuma, na ukiipeleka kwenye alumini itaziba kabla hujafika popote. Hata ile sahihi huziba ikiwa kavu, kwa hiyo ichovye kwenye nta ya mshumaa au mafuta ya taa kila baada ya sekunde chache. Utahitaji na shina refu la mm 150 kufika kooni kupitia mdomo wa poti. Hilo lina hatari yake: likizungushwa kwa kasi kubwa hewani, hupinda na kuchapa. Liingize ndani ya poti kwanza, liguse chuma, ndipo uwashe, na mizunguko iwe ya chini.

Msasa wa kitambaa namba 60, 80, 120 na 240. Kifaa cha kuushika unakitengeneza mwenyewe: chukua fimbo ya chuma ya mm 6, ipasue kwa msumeno mm 25 kutoka nchani, chomeka kipande cha msasa kwenye mpasuo ukiviringishe kwa upande ambao msuguano utakikaza. Ukikosea upande, kitafunguka kikurukie usoni.

Vingine: klempu ya kubana springi za valvu, kalipa, divaida (bikari ya chuma ya kuchorea), wino wa bluu wa kuchorea, kadi ngumu ya kukatia vigezo, bureti (bomba la kioo lenye alama za vipimo) au bomba la sindano la ml 20, na kipande cha plastiki angavu cha unene wa mm 6 au zaidi. Miwani na barakoa si hiari. Gasketi za zamani huenda zina asbesto, kwa hiyo mabaki yake yalowanishe na uyakwangue kwa plastiki, usiyasage makavu.

Kufungua

Kila valvu irudi kwenye siti yake, springi yake na kota zake, vile vipande viwili vinavyoifungia springi kwenye shina. Toboa kipande cha boksi matundu, uandike namba, uzipange humo. Kabla ya kuichomoa valvu, pitisha kidole juu ya ncha ya shina lake: mara nyingi pana ukingo uliochipuka pale kota zinaposhika, na ukiivuta valvu hivyo hivyo utakwangua gaidi. Uondoe kwa tupa laini.

Baadhi ya valvu za kutolea zina shina tupu lililojazwa sodiamu ya kupoza. Hizo usizikate wala kuzichonga kabisa, kwa kuwa sodiamu hulipuka ikikutana na maji.

Hedi ya alumini ioshe kwa sabuni ya kuondoa grisi. Magadi makali ya kusafishia chuma huila alumini.

Koo

Pima kipenyo cha koo, pale penye ufinyu mkubwa chini ya siti. Lengo ni asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Kwa gari la matumizi ya kila siku simama kwenye 88: valvu ya mm 36 inataka koo la mm 31.7, ya mm 30 inataka mm 26.4. Ukivuka 90, ukuta wa chini ya siti haubaki na nafasi ya kuipindisha hewa vizuri, na siti yenyewe inakosa chuma cha kuishikilia.

Paka wino siti na mm 10 za chini yake. Anza na tupa ya umbo la yai ukiwa upande wa chemba (shimo la hedi ambamo mafuta huchomwa), ukilainisha ile ngazi ambapo mkato wa mashine unaishia na chuma cha kalibu kinaanza. Bakiza ukanda wa mm 1 chini ya siti ambao tupa haigusi. Utaumaliza kwa msasa. Mkono usitulie mahali pamoja. Zungusha koo lote kwa mwendo mmoja, toa chuma kidogo, simama, pima pande mbili zinazokatana. Koo huelekea kuwa yai kwa sababu mkono una upande unaopenda kuegemea, na upande huo hauuhisi mpaka kalipa ikuambie.

Kona ya ndani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sakafu ya poti inapoinama kuelekea kwenye siti pana kona fupi, na hewa yenye kasi huiacha kona hiyo kama gari lililoingia kwenye mpindo kwa mwendo mkubwa: hukimbilia upande wa pili, nusu ya valvu ikabaki haina kazi. Kosa la kawaida ni kuiteremsha sakafu ili poti ionekane kubwa. Unapofanya hivyo unaifanya kona iwe kali zaidi, na hedi iliyochongwa namna hiyo inaweza kupitisha hewa kidogo kuliko ya kiwandani.

Unachotakiwa ni kuondoa makali tu. Kata kadi ifuate mkunjo wa kona ulivyo sasa, kisha chora mkunjo mpana kidogo ambao unaanza mapema zaidi kwenye sakafu na kuishia chini ya siti bila kuvunjika. Chonga ukifuata kadi hiyo, kwa tupa iliyopinda au kwa msasa ulioviringishwa. Mara nyingi chuma kinachotoka hapo hakizidi mm 1. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho. Mgongo ambao jicho halikuuona kidole hukuambia.

Paa la poti, upande wa pili, linavumilia kuinuliwa kidogo kwenye hedi nyingi, lakini juu yake mara nyingi pana njia ya maji au kitako cha springi. Rudi kwenye hedi uliyoikata. Ukuta ukibaki chini ya mm 3, acha.

Valvu gaidi na mdomo

Nundu ya chuma inayoshika valvu gaidi imekaa katikati ya njia. Ipunguze mbavuni, uifanye nyembamba kwa nyuma ili hewa ipasuke na kukutana tena taratibu. Usiifupishe gaidi yenyewe. Kwenye poti ya kutolea uwe mchoyo zaidi, kwa sababu joto la shina la valvu hutoka kwa kupitia huko. Gaidi ikikosa chuma cha kuizunguka huchakaa upesi na valvu huungua.

Mdomo wa poti unachorwa kwa gasketi, lakini gasketi hiyo lazima ikae mahali pake kweli. Matundu ya bolti yana nafasi ya kucheza, na manifoldi ikikaa mm 1 pembeni kazi yako yote ya kulinganisha imepotea. Kama hakuna pini za kuiongoza, toboa uweke mbili, ndipo uchore kwa sindano ya chuma juu ya wino. Chonga hadi mstari, usiuvuke, halafu fifiza ukataji huo ndani ya poti kwa mm 20 hadi 25.

Kama haviwezi kulingana kabisa, kumbuka uelekeo wa mtiririko. Upande wa kuingiza, tundu la hedi liwe kubwa kuliko la manifoldi kwa nusu milimita, kamwe lisiwe dogo, maana ukingo unaoitazama hewa ndio unaoivuruga. Upande wa kutolea, bomba la ekzosi ndilo liwe kubwa kuliko poti. Ngazi inayobaki hapo haidhuru, na husaidia kuzuia moshi kurudi nyuma.

Maliza poti moja kabisa kabla ya kugusa ya pili. Hiyo ndiyo mama. Tengeneza kadi za mdomo, za katikati, za koo na za kona kutoka kwake, uzinakili nyingine kwa kadi hizo. Poti nne zinazofanana zenye faida ndogo zinaendesha injini vizuri kuliko moja nzuri sana na tatu za kubahatisha.

Ulaini

Poti za kuingiza zinazopitisha petroli zimalizie msasa namba 80. Ukizing'arisha kama kioo, matone ya petroli hutandaa ukutani yakatiririka badala ya kurudi hewani, na asubuhi injini itasumbua kuwaka. Pale petroli inaponyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda sababu hiyo haipo, lakini mng'aro bado hauongezi chochote. Poti za kutolea fika namba 240 ukipenda, maana masizi hushika kwa shida kwenye uso laini.

Chemba

Weka valvu chakavu kwenye siti zote kabla ya kuingiza tupa kwenye chemba. Tupa ikiteleza iharibu hizo. Ondoa makali pembeni mwa tundu la plagi na pale ukuta wa chemba unapoibana valvu. Chora kwanza duara la gasketi ya hedi usilivuke. Sehemu bapa zinazokaribiana na pistoni ziache kama zilivyo: ndizo zinazousukuma mchanganyiko uende kwenye plagi.

Kila cc unayotoa inashusha mgandamizo. Silinda ya cc 400 yenye nafasi ya cc 50 juu ya pistoni ina uwiano wa 9 kwa 1. Ongeza cc 1 tu, unashuka hadi 8.84. Ndiyo sababu ya kupima. Lalisha hedi uso juu, plagi na valvu zikiwa ndani, paka grisi kidogo pembeni mwa chemba, bandika ile plastiki angavu yenye tundu dogo, uelemeze hedi kidogo ili tundu liwe juu kabisa. Mimina mafuta ya taa yaliyotiwa rangi kwa bureti hadi kipovu cha mwisho kitoke. Chemba zote ziwe ndani ya tofauti ya cc 0.5. Iliyo ndogo ndiyo inayochongwa kuifikia kubwa, si kinyume.

Kulinganisha poti kwa mashine ya kufyonza vumbi

Tengeneza boksi la mbao lililozibwa vizuri, lenye tundu la juu sawa na kipenyo cha silinda. Kalisha hedi juu yake na uunganishe mashine ya kufyonza vumbi ubavuni. Bomba angavu lililopindwa umbo la U na kutiwa maji litakuonyesha mvuto ndani ya boksi. Weka springi laini kwenye valvu, ifungue kwa bolti mm 2, 4, 6, 8, kisha 10, uandike tofauti ya maji kila mara. Tofauti ikipungua, poti inapitisha hewa zaidi.

Vipimo hivi havikupi namba za kulinganisha na za mtu mwingine, ila vinaonyesha wazi poti ya tatu imebaki nyuma. Bandika udongo laini wa kuchezea kwenye mdomo wa poti uwe mviringo, la sivyo ukingo mkali utadanganya vipimo. Mashine ikipata joto au umeme ukishuka namba hubadilika, kwa hiyo rudia poti ya kwanza kila baada ya kupima nyingine.

Siti na kusaga valvu

Siti ya kazi hukatwa nyuzi 45 kwenye injini nyingi, na 30 juu yake na 60 chini yake ili kuifinya iwe na upana unaotakiwa: mm 1 hadi 1.5 kwa kuingiza, mm 1.5 hadi 2 kwa kutolea, kwani ya kutolea inategemea upana huo kupoza valvu. Kikata siti cha mkono chenye visu vya kabaidi kinafanya kazi hii kwa mizunguko michache. Bonyeza kidogo, zungusha bila kuyumba.

Pesti ya kusagia ni ya kuhakikisha, si ya kukata. Dakika moja ya pesti laini ikikupa mstari wa kijivu usiokatika, imetosha. Anayesaga nusu saa kutafuta kufuta mkwaruzo wa tupa anapanua siti na kuizamisha valvu. Valvu ikizama, shina lake huchomoza zaidi upande wa juu: nafasi ya valvu hupungua, na springi hurefuka ikapoteza nguvu. Pima kimo cha springi kabla na baada, uweke shimu (pete nyembamba chini ya springi) kufidia.

Jaribu kwa kumimina petroli ndani ya poti ukiwa nje, mbali na moto. Subiri dakika tano. Unyevunyevu ukitokea kwenye chemba, rudi kwenye siti hiyo.

Yanayoharibika

Tupa ikitoboa hadi kwenye njia ya maji, hedi ya alumini inaweza kujazwa kwa uchomeleaji wa TIG (wa umeme na gesi ya kukinga), lakini joto hilo huipinda, kwa hiyo uso na siti vitafanywa upya baada yake. Ya chuma cha kusubu mara nyingi ndiyo imekwenda. Kwa kuwa tobo dogo halionekani, ziba njia za maji kwa bamba na mpira, sukuma upepo kiasi cha bar 2, uizamishe hedi kwenye maji ya moto utafute vipovu ndani ya poti.

Adui mwingine ni pesti na chembe za kabaidi zilizobaki. Pitisha brashi ya chupa ndani ya kila valvu gaidi, osha hedi yote kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, puliza kila njia ya oili, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na kijivu, osha tena.

Funga na sili mpya za valvu, gasketi mpya, na bolti mpya kama kitabu kinasema zile za zamani hurefuka. Injini ikiwaka, hewa imeongezeka na petroli haijui. Kwenye kabureta tazama plagi baada ya safari ya mzigo: kauri ikiwa nyeupe kabisa, ongeza jeti kuu (tundu linalopima petroli) hatua moja kabla ya kukanyaga tena. Kwenye injini ya sindano, inayonyunyiziwa petroli kwa kompyuta, soma sensa ya oksijeni injini ikiwa na mzigo, maana ikiwa haina mzigo kompyuta hujirekebisha na kukuficha. Nafasi za valvu zipimwe upya injini ikiwa baridi baada ya km 500, kwa sababu siti mpya hutulia.